Udi Ndani ya Amplifaya

Tulikuwa watu wanne. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye alikuwa akikaa nasi tangu alipofika Toronto. Binti yangu, ambaye kwa huyo wifi ni mtoto wa kaka, anamwita shangazi. Na mkwe wangu, mume wa binti, Mkenya wa Nakuru, muuguzi, aliyesilimu kabla ya kuoa. Majina yao ninayo yote, na ya wazazi wao, na ya wakunga waliowapokea baadhi yao, lakini hapa sitayaandika. Wajukuu walikuwa wamechukuliwa na jirani kwenda kuogelea. Yeyote kati yao atakayekuambia aliyaona haya, ujue amesimuliwa.

Ilikuwa Jumapili mchana, wakati wa baridi, miaka ile ya elfu mbili na kitu, kwenye fleti yetu ya Dixon Road. Mezani, juu ya shuka kuukuu la pamba, palikuwa na amplifaya.

Amplifaya hiyo aliinunua mume wangu mara tu tulipohamia huku, kwa mtu wa North York aliyekuwa akifunga virago. Ni sanduku jeusi la bati, zito, unalibeba kwa mikono miwili na mgongo unakukumbusha kesho yake. Mbele lina vitufe vya kuzungusha, juu lina matundu marefu membamba ya kutolea joto. Unachomeka maikrofoni nyuma, unachomeka spika mbili, sauti ndogo inaingia na sauti kubwa inatoka. Mume wangu alipofariki ilibaki kwa dada yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiitumia.

Wifi alikuwa msomaji wa maulidi ya wanawake. Kwetu Tanga alianza kusoma akiwa msichana, na alipofika huku akawakuta akina mama wanakutana kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, wakampa nafasi ya kufungua. Anayefungua ndiye anayeongoza. Wengine wanapokezana, kasida zinaitikiwa, lakini mwanzo ni wake, na wakati wa kisimamo, watu wote wamesimama, ni sauti yake inayotangulia. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma na masufuria. Nilisoma darasa la nne tu, na hata chuo cha Kurani sikudumu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa pilau.

Halafu akafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Alipona vizuri, kovu likawa kama uzi. Ila sauti ilirudi nusu. Ilikuwa bado nzuri, ukikaa karibu naye unaisikia ilivyo, lakini haikufika mbali tena. Ukiwa ukumbini safu ya tatu unaona midomo inacheza. Amplifaya, ambayo zamani ilikuwa ya kuongezea, sasa ikawa ndiyo inayomsomea.

Na amplifaya ikaanza kuumwa. Kwanza ilikwaruza, kra, kra, kama mtu anayekunja karatasi. Halafu spika ya upande mmoja ikawa inakata na kurudi. Mwaka uliotangulia ilikata katikati ya kisimamo, na wanawake zaidi ya sitini walisimama wakisubiri neno lisilofika. Ndipo alipoinuka msichana mmoja wa Mombasa, aliyekuja kusoma chuo kikuu, akadakia pale pale pa kudakia na kuendelea. Alikuwa na sauti ya kupasua kuta. Hakufanya kwa ubaya. Baadaye alikuja kumshika wifi mkono na kumwomba radhi, na wifi akamwambia, "Umesoma vizuri, mwanangu." Akarudi nyumbani, hakula.

Mwaka huu akina mama walikuwa wamekwisha kusema, kwa upole wote, kwamba kama mashine haijapona basi afungue yule msichana. Maulidi yalikuwa Jumamosi inayofuata. Wifi alijua, nasi tulijua, kwamba nafasi ile ukishaiacha mara moja huirudii. Hakuna anayekufukuza. Mwaka unaofuata wanakuuliza kama utaleta sambusa.

Mkwe aliwahi kuazima spika ya siku hizi, ndogo, ya betri, tukaijaribu sebuleni. Wifi akasoma mistari miwili. Sauti ilitoka nyembamba, ya puani.

"Naona abiria wa kwenda Kalgari wameitwa," mkwe akasema.

Wifi aliweka maikrofoni chini na hakuigusa tena. Uwanja wa ndege ulikuwa karibu nasi, sauti zile sote tunazijua.

Kwa nini amplifaya isifunguliwe mapema, na binti yangu kazi yake ndiyo hiyo? Maana binti yangu alikuwa akifanya kazi Downsview, karakana inayotengeneza bodi za umeme za lifti. Siku nzima anakaa kwenye meza na kioo cha kukuzia, anasafisha, anaunga, anapima. Alimwambia shangazi yake zaidi ya mara moja: "Niachie wikiendi moja niifungue." Jibu lilikuwa lile lile.

"Utaifungua, utakuta nyaya, utaniachia nyaya."

Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Wifi aliamini amplifaya ilipigwa jicho. Kulikuwa na mama mmoja mgeni, alikuja maulidi akaitazama, akasema hajapata kusikia mashine ya zamani yenye sauti tamu namna ile, wala hakusema mashaallah. Baada ya hapo, kwa hesabu ya wifi, ndipo mkwaruzo ulipoanza. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni alikuwa akiifukiza. Anawasha kaa kwenye jiko la umeme, analiweka kwenye chetezo, anatia ubani na chembe ya udi, anaweka chetezo chini ya kigoda na amplifaya juu yake, na moshi unaingia kwa chini na kutokea kwenye yale matundu ya juu, polepole, mpaka sanduku zima linafuka. Mimi niliona. Sikuona ajabu, nguo zetu tunazifukiza hivyo hivyo. Binti yangu Alhamisi alikuwa zamu ya jioni, mkwe yuko hospitali. Wakirudi wanakuta nyumba inanukia.

Juma hilo la mwisho wifi alimwita binti yangu akamwambia, "Haya, ifungue. Lakini nikae nione."

Binti aliichomoa ukutani tangu Ijumaa na kutukataza kuigusa. Jumapili alianza kwa kutukataza mengine.

Kwanza nguo. Huku wakati wa baridi hewa ya ndani ni kavu hata ukishika kitasa cha mlango unapigwa cheche. Wifi alikuwa amevaa baibui la kile kitambaa kinachoteleza.

"Shangazi, hilo baibui lisije karibu na meza."

"Baibui langu limekufanya nini?"

"Lina umeme. Cheche ndogo usiyoisikia wewe inaua kitu humu ndani."

"Nimevaa baibui tangu sijavunja ungo, leo ndiyo lina umeme."

"Shangazi, wewe ndiwe stima yenyewe," mkwe akasema. "Hilo baibui limeunganishwa tu."

Wifi akamtazama mkwe kwa lile jicho la kumpima, kisha akaenda kubadili. Alirudi na gauni la pamba na kanga. Binti akatuambia kila mmoja aguse bomba la radieta kabla hajakaa, ili kama ana cheche iishie huko. Tukapanga foleni kugusa bomba, watu wazima.

Halafu akainua macho darini. Kengele ya moshi ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki, ile ya kuogea.

"Nani amevisha hii kofia?"

Wifi akaanza kujifunga kanga yake upya.

"Ilikuwa inasikia baridi," mkwe akasema.

Binti akapanda kiti akaivua. Akafungua dirisha na mlango wa roshani, baridi ikaingia kama mgeni asiyebisha hodi, tukavaa makoti juu ya kanga. Alisema lazima hewa ipite kwa sababu ya spiriti. Mkwe alikuwa ameileta kutoka duka la dawa, na glovu za kazini kwake.

"Hii si ndiyo mnayopaka kabla ya sindano?" nikamuuliza.

"Ni ndugu yake, Mama. Hii ni kali zaidi. Ile ya sindano imetiwa maji."

"Na maji hatuyataki," binti akasema. "Hii inaosha na kukauka. Ile inaosha halafu inaacha maji ndani."

Akafungua skrubu, akaziweka kwenye kisahani cha kahawa. Akainua bati la juu. Lakini hakugusa kitu. Alituonyesha makopo mawili yaliyosimama kama makopo ya nyanya, akasema hayo yanaweka umeme hata mashine ikiwa imechomolewa, na mtu akiyagusa anaweza asisimulie. Alikuwa na mita yake ya kazini. Akapima, mkono mmoja kwenye mita, mwingine ameuweka nyuma ya kiuno kama mtu anayekagua gwaride.

"Mbona unaficha mkono?" wifi akauliza.

"Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, katikati unapita kwenye moyo. Kwa hiyo ule mwingine naufungia kazi."

Makopo yalikuwa bado na umeme kidogo. Akachukua kidude kirefu chenye mpini wa plastiki, akayagusisha mpaka umeme ukaisha, akapima tena, akasubiri, akapima tena. Mkwe alikuwa tayari amechoka kusubiri na ameanza kula karanga, akaambiwa akale kule.

Ndipo akaleta taa karibu nasi tukachungulia.

Nilitegemea kuona vumbi. Vumbi lilikuwepo, lakini lilikuwa limeshikwa. Bodi yote, na vile vidude vyote vilivyosimama juu yake, vilikuwa na utando wa kahawia, unanata, kama halua iliyolala bila kifuniko. Na chini ya yale matundu ya juu, upande wa mbele, palikuwa na ukoko wa kijani, kijani cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa.

"Haya ni mapafu ya mvuta sigara," mkwe akasema kutoka kule kwenye karanga.

"Kaka yangu hakuvuta," wifi akasema.

"Alivuta," nikamwambia. "Tanga alivuta. Huku aliacha, bei ilimshinda."

"Mimi sikumwona."

"Alikuwa akivuta akishakuona umeondoka."

Binti alikuwa akikwangua ule ukoko wa kijani kwa kijiti cha meno. Akauliza kama kuna mtu amemwagia soda, au chai, au maji. Hakuna aliyekuwa amemwaga. Akafungua chupa ya spiriti, akamimina kidogo kwenye kikombe cha kioo, akatafuta brashi yake laini. Hapo ndipo wifi alipoinuka akaingia jikoni.

Jiko letu halina mlango, ni hatua chache tu kutoka mezani. Sikumfuata kwa macho. Nilidhani anateleka chai. Aliporudi alikuwa ameshika chetezo mkononi, kaa limeshika wekundu, na ubani ndio kwanza umeanza kufuka. Alikuja nacho moja kwa moja mezani.

Binti yangu hakupiga kelele. Alikifunika kikombe kwa kiganja, akazungusha kizibo cha chupa kwa mkono wa pili, kisha ndipo alipomtazama shangazi yake. Mkwe alikuwa amekwisha kusimama katikati yao.

"Shangazi, nipe mimi," akasema, kwa sauti yake ya hospitali. Akakipokea kwa kukishika chini, palipo na moto, nikaona anakunja uso, akakipeleka mpaka roshani na kukizika kwenye theluji. Tulisikia kikilia. Akafunga mlango.

"Nilitaka kulitoa jicho kwanza," wifi akasema. "Kitu kimeshafunguliwa, hakijasomewa."

"Mvuke wa hii spiriti huuoni," binti akamwambia. "Unatambaa mezani, unashuka chini. Ukikutana na kaa unawaka, na unawaka na wewe ukiwa katikati. Isomee ukitaka, shangazi. Moto hapana."

Wifi akakaa. Alisoma kimoyomoyo, tukamsubiri amalize. Mkwe alikuwa ameshika donge la theluji mkononi, na alipoulizwa kama ameungua alisema yeye ni Mkikuyu, ameshika viazi vya moto zaidi.

Hewa ilipopita ya kutosha binti akaanza kazi. Alichovya brashi, akaipitisha kwenye bodi pole pole, upande mmoja tu, harudi nyuma, akapangusa kwa kitambaa cha pamba kisichotoa manyoya. Hakumwaga spiriti juu juu. Palipo na nyaya zilizosukwa za lile bonge zito la nyuma, transfoma, hakupeleka hata tone. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Akachukua kingine.

Na harufu ikapanda.

Ilikuwa udi. Haikuwa ile ya chetezo cha sasa hivi, kile kilikuwa ubani na kilikuwa nje. Huu ulikuwa udi wa maulidi, ule mzuri tunaoagiza kwa wanaokwenda umra, na chini yake waridi. Kila brashi ilipopita ulitoka mwingine. Kwenye baridi ile, dirisha wazi, nyumba yote ilinukia kama ukumbi siku yenyewe.

"Nani tena amechoma?" mkwe akauliza, akageuka kutazama roshani.

Wifi alinyoosha mkono akachukua kitambaa kilichotumika. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Huu wangu," akasema.

Binti akaendelea kupiga brashi.

"Na hicho cha kijani?"

"Maji. Maji yenye kitu."

"Marashi?"

"Yanaweza kuwa marashi."

"Marashi ni waridi, hayana dawa ndani."

"Ni maji, shangazi. Waridi ni harufu tu."

Hapo nikaelewa na mimi. Wakati wa kisimamo kuna mtu anayepita na mrashi, anawanyunyizia waliosimama, na meza ya msomaji iko mbele, na amplifaya iko juu ya meza ya msomaji, uso umeelekea watu. Miaka yote hiyo ilikuwa ikinyunyiziwa kama waumini wengine. Na chetezo nacho kilikuwa kikizungushwa, na kwa heshima kilikuwa kikiachwa mbele ya msomaji.

"Kwa hiyo ni mimi," wifi akasema.

"Moshi wa udi una mafuta," binti akamwambia. "Ukiganda unashika vumbi, vumbi linashika unyevu, umeme unapata njia pasipo njia yake. Ndiyo huo mkwaruzo."

"Nimekuuliza kama ni mimi."

"Ni udi."

"Udi haujichomi."

Binti akachovya brashi tena. Mkwe aliacha karanga. Wifi alikikunja kile kitambaa kikawa kidogo, akakiweka pembeni mwa meza, akavuta kiti karibu.

"Sasa," akasema, "inasafika au haisafiki?"

"Bodi inasafika. Hapa kwenye kijani, njia moja ya shaba imeliwa. Nitaiunga kwa waya. Na hivi vitufe vya sauti vina uchafu kwa ndani, nina dawa yake."

"Jumamosi itasema?"

"Siwezi kukuahidi."

Wifi akaitikia kwa kichwa. Nadhani kama angeahidiwa asingeamini.

Kazi ilikula mchana wote. Kabla ya kuwasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, binti aliipeleka chupa na vitambaa vyote bafuni, akaziba kwa taulo chini ya mlango, akasubiri bodi ikauke kabisa. Akaunga ule waya, mdogo kama unywele wa mtoto. Akapulizia vitufe dawa, akavizungusha huku na huku. Mkwe alitaka kupuliza vumbi la pembeni kwa mdomo, akakatazwa, mate ni maji. Wajukuu waliporudi walikuta tumevaa makoti sebuleni na kila mtu amenyamaza, wakauliza kwa Kiingereza nani amekufa.

Iliachwa ikauke mpaka Jumatatu. Binti aliporudi kutoka kazini, kabla ya magharibi, hakuichomeka moja kwa moja. Alileta balbu ya zamani kwenye kishikio, akaiunga kati ya ukuta na mashine. Alitueleza: ikiwa ndani kuna kosa kubwa, balbu itawaka kali na itabaki kali. Ikiwa hakuna, itawaka kidogo halafu itafifia.

Akabonyeza. Balbu ikawaka kali.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Ndege ilikuwa inapita, meza ikitetemeka, hatukusikia chochote. Balbu ikaanza kulegea, ikawa ya machungwa, ikawa nyekundu kama mshumaa unaokwisha, ikazimika karibu yote. Ndege ikapita. Kwenye spika palikuwa na mngurumo mdogo, safi, wa kitu kilicho hai.

Binti akampa shangazi yake maikrofoni. Nilifikiri atasoma. Aliisogeza mdomoni, akafikiri.

"Wifi," akasema, na sauti ikajaa nyumba, ile ile ya zamani, nene, "chai ipo?"

"Ipo," nikamjibu.

"Mgonjwa amezinduka," mkwe akasema, "na kitu cha kwanza ameomba chai."

Sasa ningeweza kusema mambo yaliishia hapo, lakini palibaki neno la udi. Binti alisema wazi: kama Jumamosi mtaifukizia na kuinyunyizia tena, itasoma mwaka huu, mwakani sijui. Wifi akachukua simu akampigia mama anayesimamia shughuli, mwenyeji wa Dar es Salaam, mtu mzuri, mwenye maneno. Nilikuwa karibu, nilisikia pande zote mbili.

Wifi akasema mwaka huu chetezo kikae mlangoni, kila anayeingia afukizwe pale pale, ndani kisiingie.

"Dada, maulidi bila udi si maulidi. Huo ni mkutano wa wapangaji."

"Udi utakuwepo. Utakuwa mlangoni."

"Watu wamezoea unazunguka. Sasa kwa ajili ya mashine? Au tufanye hivi. Afungue yule mtoto, yeye hahitaji mashine. Udi tuuzungushe kama kawaida. Wewe upumzike."

Ndilo lile neno tulilokuwa tukilingoja, na lilisemwa kwa huruma kabisa. Wifi alikuwa akipenda udi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nyumba isiyofukizwa aliiona kama mtu ambaye hajaoga. Alikaa na simu sikioni, anatazama dirishani.

"Udi mlangoni," akasema. "Mimi nafungua. Yule mtoto apokee baada yangu, nimeshamwambia."

Hakuwa amemwambia. Alimpigia baadaye.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Amplifaya iliwekwa juu ya kiti, kando ya msomaji, mbali na mlango. Chetezo kilikaa mlangoni kama ilivyosemwa, na watu walinung'unika, mmoja akaniambia panapo harufu ya pilau tupu mtu anasikia njaa badala ya ibada. Wifi akafungua. Niliacha masufuria nikaja kusimama nyuma kabisa, ukutani, nikamsikia kila neno.

Kikafika kisimamo. Wote tukasimama. Chetezo kilikatazwa, lakini mrashi haukutajwa, au ulitajwa na hakuna aliyeshika. Mama mmoja wa Lamu akaupokea kama anavyoupokea kila mwaka, akaanza kupita safu ya mbele akinyunyizia, anakwenda, anakwenda, anamkaribia msomaji na kile kiti. Nilimwona binti yangu anajaribu kupenya katikati ya watu. Asingefika.

Wifi hakuweza kusema, alikuwa anasoma. Hakuweza kuacha, wote walikuwa wakimfuata. Akageuka. Alimpa yule mama mgongo, akasimama mbele ya kiti ameinama kidogo, maikrofoni mdomoni, mtandio ameutandaza kwa mkono mwingine kama pazia. Marashi yakampata mgongoni. Yule mama akadhani ameomba baraka zaidi, akamwongezea, akamwongezea tena, mpaka gauni likashika mwili. Sauti haikutikisika. Alisoma mpaka mwisho wa kisimamo akiwa amewapa watu wote mgongo, na alipogeuka msichana wa Mombasa alikuwa analia, na wengine pia.

Mwaka uliofuata, mrashi ulipopita, wanawake watatu wanne walimpa mgongo mwenye mrashi na kuinamisha vichwa. Mwaka wa tatu walikuwa nusu ya ukumbi. Sasa wanafanya wote, na wageni wakiuliza wanaambiwa ndiyo ada ya watu wa Tanga. Watu wa Tanga wakija wanashangaa, lakini wanageuka na wao. Wifi alisikia, hakusahihisha. Aliendelea kufungua kwa miaka, mpaka mwenyewe aliposema basi, akampa nafasi yule msichana, ambaye wakati huo alikuwa na watoto wake.

Hayo ndiyo nikumbukayo. Niliyaandika kwa mkono, binti akayapiga chapa, na tayari amesema balbu haikuwaka kali kama nilivyoandika, ilikuwa ya wastani tangu mwanzo. Nimeiacha nilivyoiona. Mama wa Lamu naye huenda hakuwa wa Lamu moja kwa moja, huenda aliolewa huko tu. Kama ulikuwa ukumbini siku ile, na unakumbuka wifi alivyosimama, au aligeukia kulia mimi nikadhani kushoto, au kuna mtu nimemweka mahali asipokuwepo, niambie wakati bado naweza kurekebisha.